Wakunga Watatu na Msaliti Mmoja

"Watatu!" redio ilirudia, kana kwamba kuna mtu chumbani hakusikia. "Wakunga watatu kila zahanati, usiku na mchana! Hiyo ndiyo ahadi mpya ya chama tawala."

Kalamu alinyoosha mkono akaizima. Wanaume wawili waliokuwa naye chumbani, Mgombea na Meneja wake wa kampeni, walikuwa wanamtazama yeye, si redio.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Kalamu ndiye anayeandika ilani ya chama cha upinzani. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu hata akienda msalani huwa na kalamu sikioni. Sera moja ilikuwa imeshavuja, ile ya vyoo vya soko, chama tawala kikaitangaza siku moja kabla yao. Basi mwanamke huyu akatega mtego. Katika nakala ya Mgombea akaandika mkunga mmoja. Katika ya Meneja wa kampeni, wawili. Katika ya mchapaji wa ghorofa ya chini, wanne. Namba ya kweli, watatu, akabaki nayo mwenyewe.

Alhamisi hii mchana akawaeleza mtego wake kwa mbwembwe zote, akasema redio itamtaja msaliti. Redio ikamtaja yeye.

"Kwa kifupi," alisema Meneja, na Meneja akisema kwa kifupi basi tafuta pa kukaa, "mimi nilipewa wawili, Mheshimiwa alipewa mmoja, yule wa mtamboni alipewa wanne. Watatu anao nani, dada? Si umetuambia mwenyewe hapa, dakika tano hazijapita? Hatukukulazimisha. Hatukukushikia kisu."

"Mimi nijitegee mwenyewe? Nina wazimu?"

"Wajanja wote huanza hivyo."

Mgombea alikuwa amesimama mbele ya ukuta wenye makaratasi mawili makubwa. Moja limeandikwa WETU, jingine WAO. Sera ikipendwa na watu wa sokoni, pini ilichomwa upande wa WETU. Ikipendwa na wastaafu na watu wa maofisini, ambao hukipigia chama tawala kura kwa mazoea kama mtu anavyovaa kiatu cha kulia kwanza, pini ilichomwa upande wa WAO. Kwa miezi mitatu Kalamu alikuwa amepima sera arobaini. Nyingi ziliwawasha wetu na kuwakera wao. Chache ziliwavuta wao, wetu wakapiga miayo. Ni moja tu iliyopata pini pande zote mbili. Wakunga.

Na sasa imekwenda.

Juu ya makaratasi hayo lilining'inia bango ambalo mji mzima unalijua: MTOTO WA SOKO. ALIZALIWA KWENYE MEZA YA MBOGA. Mgombea hakuwahi kupanda jukwaani bila kusimulia jinsi uchungu ulivyomshika mama yake akiuza mchicha, wanawake wenzake wakamzungushia mashuka, yeye akatua duniani katikati ya mafungu ya bamia. Watu wa soko walikuwa hawaichoki hadithi hiyo. Wengine waliijua kwa moyo.

"Kalamu," alisema Mgombea bila kugeuka. "Namba hiyo ulimwonyesha nani?"

Hapo, msomaji, Kalamu alidanganya.

"Hakuna," alisema.

Yupo. Yupo mmoja tu. Alipomkumbuka, aliomba isionekane usoni.

"Mkutano ni saa kumi na moja jioni," alisema Mgombea. "Ilani inaingia mtamboni saa kumi kamili. Kabla ya hapo niletee jina la mtu. Usipoleta, nitapanda jukwaani na jina lako."

Meneja alikuwa ameshanyoosha kiganja. "Funguo za ofisi, dada. Na usiende kwa miguu, jua kali. Dereva wangu atakupeleka popote unapotaka."

"Siendi mbali."

"Atakupeleka hata karibu."

Nani alimwomba? Kalamu aliweka funguo kiganjani mwake akateremka ngazi. Nyuma yake alisikia minong'ono, kisha kicheko kimoja kifupi. Cha nani, hakujua.

*

Alikataa gari. Akapita uchochoro wa mafundi vyuma, akakata nyuma ya posta, akaingia mtaa wa nyumba za serikali za zamani. Alipogeuka, gari jeupe la Meneja lilikuwa limesimama kwenye kona, na dereva anafuta kioo ambacho kiling'aa tangu asubuhi.

Mama yake alikuwa amekaa barazani anakunja nguo. Mkunga mstaafu, miaka sabini na mbili, mgongo umenyooka kuliko wa bintiye. Ukutani nyuma yake, ndani ya fremu, kulikuwa na kadi ya uanachama wa chama tawala. Kalamu alikulia chini ya kadi hiyo.

Ndiyo maana alimchagua. Kila Jumatatu humletea mama yake sera mpya, akamsomea huku anautazama uso wake. Alikuwa anasema moyoni, mama akikubali, wote wa mtaa huu wamekubali. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, isipokuwa Mgombea, mara moja, walipokuwa wanataniana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema? Unafukuzwa?"

"Mama, ile karatasi ya wakunga niliyokuachia Jumatatu. Ulimwambia nani?"

Mama alikunja shuka mara nne kabla ya kujibu. "Nimwambie nani nini?"

"Watatu! Mimi niliandika wawili, wewe ukasema watatu, ukakata kwa wino mwekundu. Leo chama chako kimetangaza watatu redioni. Mama, niambie ukweli, naomba. Nimeshikwa pabaya."

"Mimi sijatoa siri ya mtu. Uliniambia nisiseme ni ya nani, sikusema."

"Kwa hiyo kuna mtu uliongea naye."

"Aliniuliza. Nikamjibu."

"Nani?"

"Kaka yako."

Kalamu alikaa chini kwenye ngazi bila kutazama kama ni safi. Kaka yake mkubwa alikuwa ameiaga familia na kusema amepata kazi chama tawala, idara ya mabango.

"Kaka anabandika mabango, mama."

"Nani kakwambia? Anaandika ilani kama wewe. Alinikataza nisikwambie. Wewe waja Jumatatu, yeye aja Jumanne. Wewe wataka kujua kama watu wa chama changu watakubali, yeye ataka kujua kama watu wa chama changu wataamka wakapige kura. Swali lilelile, mnanichosha. Jumanne alikuja na wakunga wawili. Wawili! Watoto wangu nyote mmesoma mkashindwa kuhesabu."

"Ukamwambia watatu."

"Ulitaka nimwambie wawili?" Sauti ya mama ilipanda ghafla. "Mama wa watu afe ili siri yako ikae vizuri? Nimekuwa chumba cha kuzalishia na mwenzangu mmoja. Mtoto katoka halii. Mama anavuja damu. Na lazima mmoja akimbie kumwita daktari. Haya, mwandishi, hesabu mikono iliyobaki. Nilimwacha mmoja nikamshika mwingine. Mpaka leo sijui kama nilichagua sawa."

Kalamu aliona aibu, aibu ya kweli, maana kwake namba hiyo ilikuwa pini mbili ukutani.

Lakini aibu haisimamishi saa. Saa tisa ilikuwa imefika. Hakukuwa na msaliti. Kulikuwa na mama mmoja aliyeulizwa swali moja na watoto wawili, akawajibu wote sawa. Ukampe Mgombea jina lipi hapo? La mama? La kaka?

Alipiga simu. Kaka alipokea mlio wa kwanza, anaongea kwa kunong'ona.

"Nimejua," alisema Kalamu. "Mabango, eti! Umeniibia watatu wangu."

"Sikuiba. Mdogo wangu, nisikilize. Niliipeleka, wakaikataa. Jumanne jioni hiyohiyo. Wakubwa walisema watatu haiwezekani, wakaitupa. Halafu jana alasiri ikarudi."

"Ikarudi vipi?"

"Picha, kwenye simu ya mwenyekiti. Karatasi ya upinzani, ilani yao yenyewe, imeandikwa watatu kwa wino mwekundu. Wakasema kumbe hawa wanataka kutuwahi, tangazeni haraka. Niliutambua mwandiko. Wako wewe, na tatu ya mama. Nilidhani umeuza wewe. Sijalala."

"Nani alituma?"

"Namba haikuwa na jina."

Kalamu alikata simu polepole. Akamgeukia mama.

"Mama. Karatasi yangu iko wapi?"

"Ndani ya daftari langu, pale nilipoiweka."

"Nani mwingine ameishika?"

"Mtu wako."

"Mtu wangu yupi?"

"Uliyemtuma jana! Mtu mzima, kavaa vizuri, kaja kasema umesahau karatasi, umemwomba aipige picha akupelekee. Nikamkaribisha. Maneno hayo, wee! Kila akianza anasema kwa kifupi, kisha anaongea mpaka maji yanapoa." Mama alinyoosha kidole barabarani. "Hata gari lenyewe si lile pale? Kile kioo kitakwisha kwa kufutwa."

Damu ilimchemka Kalamu. Meneja! Anajua nyumba. Anajua namba. Alikaa mbele ya redio ile akisubiri, kama mtu anayesubiri basi ambalo amelikodi mwenyewe.

"Twende," alisema Kalamu.

"Nani na nani?"

"Nitakwenda peke yangu. Wewe kaa hapa, funga mlango."

Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani, na kwapani daftari kubwa la zamani, jalada limeliwa na mende. Hospitali ilipoyatupa madaftari yake ya uzazi, mama aliyabeba yote nyumbani. Kurasa tupu za lile la mwisho ndizo alizokuwa akiandikia sera za watoto wake. Lakini hili halikuwa lile la mwisho. Hili lilikuwa la zamani zaidi.

"La nini hilo, mama?"

"La kukalia, kama huko kwenu hakuna viti."

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari jeupe, akafungua mlango wa nyuma, akaketi. "Baba," alimwambia dereva, "kitambaa kiweke chini. Tupeleke."

*

Walifika saa tisa na dakika arobaini. Kalamu alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, mama nyuma yake, aliposikia kitu kilichomsimamisha.

Mtambo wa kuchapa ulikuwa unafanya kazi.

Aliambiwa saa kumi kamili. Dakika ishirini zimebaki, na chini mtambo unatema karatasi kwa kasi, sakafu inatetemeka. Wanachapa nini? Mchapaji alipomwona, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta spana.

Juu, mlango ulikuwa wazi. Mgombea ameketi. Meneja amesimama dirishani.

"Umeleta jina?" aliuliza Mgombea.

"Nimeleta." Kalamu alimnyooshea Meneja kidole. "Huyu! Alikwenda kwa mama yangu jana, akamdanganya, akapiga picha karatasi yangu, akawatumia wao. Mama yuko hapa, mwulize. Kaka yangu ameiona picha hiyo kwa macho yake."

Alingoja Meneja aruke, akane, atokwe jasho. Meneja hakukana. Alisema tu, "Kwa kifupi, ndiyo." Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuongeza neno. Alimtazama Mgombea.

Kalamu naye akamtazama Mgombea.

Uelewa ulimwingia taratibu. Nani aliwahi kuambiwa kwamba sera hupimwa kwa mama? Mtu mmoja.

"Ulimtuma wewe," alisema.

"Keti, Kalamu."

"Sikai."

"Basi simama, ila nielewe." Mgombea aliongea kwa upole wa mtu anayefundisha. "Umenifanyia kazi nzuri kuliko mtu yeyote. Wakunga ni sera ya ajabu. Lakini ningeisema mimi, wazee wa mtaa wa mama yako wangesema Mtoto wa Soko anajua nini kuhusu wodi? Wangeikataa kwa sababu ni yangu. Sasa wameisikia kwa chama chao, wameipenda. Leo jioni nasimama, nasema naikubali kwa mikono miwili, ila hawa wametawala miaka kumi na hawakuongeza mkunga hata mmoja. Wao nimewapata. Nimewapata kwa ahadi yao wenyewe."

Ilikuwa akili, msomaji. Akili chafu, lakini akili. Hata Kalamu aliiona.

"Na wetu?" aliuliza. "Wetu utawaambia nini? Chama tawala kimeiwahi ilani yetu na wewe unaikubali?"

"Wetu hawaamki alfajiri kupanga foleni kwa ajili ya wakunga. Wetu wanaamka wakikasirika."

Meneja alisogea kutoka dirishani. Hapo ndipo Kalamu alipoona kilichokuwa nyuma yake. Kwenye karatasi ya WETU pini zote zilikuwa zimeng'olewa. Imebaki moja, na imeshikilia karatasi mbichi kutoka mtamboni, wino bado unanuka. Ilikuwa na picha. Picha ya mwanamke mwenye kalamu sikioni. Juu yake neno moja, herufi za ukubwa wa kiganja: MSALITI. Chini yake, ile karatasi ya mwandiko wake na tatu nyekundu.

Miezi mitatu alikuwa anatafuta sera ya kuwawasha wetu, kumbe sera yenyewe ni yeye.

"Wamechapa ngapi?" aliuliza.

"Za kutosha soko zima," alisema Meneja.

"Watanipiga. Mnajua watanipiga."

Mgombea alitazama chini. "Picha inaweza kubadilishwa. Muda upo. Lakini lazima awe mtu, Kalamu. Tatu ile si mwandiko wako. Kadi ya chama tawala, ukutani kwa mama yako miaka yote... watu wataelewa upesi. Chagua wewe. Wewe, au yeye."

Chini mtambo uliendelea kugonga. Kalamu alifungua mdomo kusema "mimi." Alikuwa ameshaamua, na hofu yote aliyokuwa nayo haikutosha kumbadilisha.

"Niwekeni mimi," alisema mama.

"Mama, hapana!"

"Nyamaza, mwanangu. Wewe umeshasema vya kutosha tangu asubuhi." Mama alivuta kiti, akaketi, akaweka daftari mezani. Vumbi liliruka. "Niwekeni mimi, na picha nzuri mtafute. Nusu ya soko lenu imepita kwenye mikono hii. Nataka nione nani ataokota jiwe la kwanza."

Meneja alicheka kidogo. Mgombea hakucheka. Alikuwa anatazama mwaka ulioandikwa kwenye jalada, pale mende walipobakiza.

"Mama," alisema Mgombea, "hilo daftari ni la nini?"

"La kazi yangu, baba. Kila mtoto ana mstari. Mimi sina tabia ya kusema nilichokiona kwenye chumba cha uzazi. Miaka arobaini na saba sijafungua mdomo. Nasikia hadithi ya mafungu ya bamia, nazima redio, nalala." Alilamba kidole, akaanza kufunua kurasa, moja moja, bila haraka. "Lakini huyu ni mwanangu. Na kusoma si kusema. Kalamu, njoo. Wewe ndiye mwandishi, macho yako mazuri. Soma hapa."

Kalamu aliinama. Tarehe aliijua. Ofisi nzima humkatia Mgombea keki siku hiyo kila mwaka. Kidole chake kilifuata mstari, na alisoma kwa sauti kabla hajaelewa anachosoma.

"Mtoto wa kiume. Chumba namba moja, wodi ya daraja la kwanza..."

Juu ya kichwa chake bango la Mtoto wa Soko lilitikisika kwa mtambo. Meneja alimgeukia bosi wake, mdomo wazi. Hata yeye hakuwa anajua.

"...hali ya mama, nzuri," aliendelea Kalamu. "Jina la baba..."

"Usisome!" Mgombea alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, uso hauna damu. "Meneja, kimbia chini ukauzime mtambo. Kalamu, nakuomba kwa Mungu wako, mstari huo usiusome."

Kalamu alikuwa ameshausoma. Jina hilo lilikuwa kwenye kadi ya mama yake, pale chini, mahali anapotia saini mwenyekiti mwanzilishi wa chama tawala.